MPAKA WA MNAZI MMOJA

Wakoloni wa Kiingereza waliweka mpaka katikati ya Dar es Salaam. Mnazi Mmoja paliachwa wazi ili kuitenga Kariakoo ya Waafrika na mitaa ya Wahindi na Wazungu. Kipimo kilikuwa rangi.

Oktoba 1961, katika Ukumbi wa Karimjee, Bunge lilijadili Muswada wa Uraia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Madai yao hayakuzuka bure: biashara kubwa haikuwa mikononi mwa Mwafrika, naye alibaki mchuuzi katika nchi yake. Lakini Mwalimu Nyerere, Waziri Mkuu, aliyapinga kama ubaguzi, akatamka kwamba Serikali yake ingejiuzulu endapo ingeshindwa. Muswada ukapita. Kisheria, kipimo kikawa uraia, wala si rangi.

Swali hilo limerudi Kariakoo kwa sura nyingine. Wafanyabiashara wadogo walilalamika kwamba wageni, hasa kutoka China, wanawanyang'anya riziki. Tarehe 28 Julai 2025 Serikali ikatoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara.

Kumlinda mnyonge ni haki. Lakini tusisahau kwamba amri hiyo inamwadhibu pia raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara hizo. Hapo ndipo penye fundisho: unyonyaji hauna rangi, na mara nyingi mlango hufunguliwa na mwenyeji.

Basi, ndugu makada, tukague leseni, tusikague nyuso. Tukikagua nyuso, tutakuwa tumeurudisha mpaka wa Mnazi Mmoja kwa mikono yetu wenyewe.