Setilaiti, Mkongo na Shule ya Kijijini

Mwezi Julai 2005, katika Shule ya Sekondari ya Bugulumbya, wilayani Kamuli, mashariki ya Uganda, ulizinduliwa mpango wa NEPAD wa kuzipatia shule za Afrika kompyuta na intaneti. Bugulumbya ilikuwa ya kwanza barani katika mpango huo. Twaitaja kwa kuwa iko kijijini. Aghalabu mambo mapya huanzia Kampala.

Wakati huo nchi yetu, isiyo na pwani, ilitegemea setilaiti. Ujumbe ulipanda angani kilomita 36,000 hivi, ukashuka tena, na ada yake ya kila mwezi ilikuwa mzigo mzito kwa shule inayoishi kwa karo za wakulima. Hapo ndipo penye kiini cha historia hii. Mfadhili hutoa mashine mara moja, lakini ada hudaiwa kila mwezi.

Mwaka 2009 mikongo ya SEACOM na TEAMS ilifika Mombasa, kisha mawasiliano yakaletwa hadi kwetu kwa nchi kavu. (Kiswahili nacho kilitujia kutoka pwani, pamoja na misafara.) Bei zilishuka, ila mkongo hupenda miji na barabara kuu.

Tofauti hiyo ilidhihirika Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Hazikufunguliwa zote hadi Januari 2022, muda ulio miongoni mwa mirefu kabisa duniani. Mwenye kompyuta na intaneti nyumbani aliendelea kusoma. Wengi wa vijijini walitegemea redio na vitini vilivyochapwa, kama vikiwafikia.

Kwa maoni yetu, kilichowafaa zaidi wanafunzi wa vijijini ni maktaba isiyohitaji intaneti. Programu ya Kiwix, iliyoanza 2007, huwezesha Wikipedia nzima, ya Kiswahili ikiwamo, kunakiliwa mjini katika kadi ndogo na kusomwa shuleni pasipo ada. Shule isiyo na rafu ya vitabu hupata pa kufanyia utafiti wa insha.

Lakini mwanafunzi akitafuta habari za wilaya yake kwa Kiswahili, mara nyingi hukuta mistari michache tu. Hilo si kosa la setilaiti wala la mkongo. Makala hizo, zilizoanza 2003, huandikwa na watu wanaojitolea, na mwalimu yeyote anaruhusiwa kuziongezea.