Mizizi ya Kilatini katika Msamiati wa Kiingereza

Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno mengi yenye asili ya Kilatini yaliingia katika Kiingereza kwa njia ya Kifaransa. Wanazuoni wa karne ya 16 wakaongeza mengine moja kwa moja. Hivyo, ajuaye kwamba "portare" ni kubeba hutambua upesi udugu wa "import", "export" na "transport".

Hata hivyo, twapenda kuwatahadharisha wafasiri: mzizi huonyesha neno lilikotoka, si lilikofika. "Manufacture" hutokana na "manus", yaani mkono, na "facere", yaani kufanya. Lakini siku hizi lahusu hasa kazi ya mitambo. Waraka ukiandika "kazi ya mikono" palipokusudiwa uzalishaji wa viwandani, kosa ni la mfasiri, si la Kilatini.