Sindano ya Mwisho

Kwetu Mjambere mtu hasemi kisukari. Anasema sukari. Fulani ana sukari, sukari yake imepanda, sukari imemla mguu. Mimi nilipimwa asubuhi, sijatia kitu mdomoni, mashine ikasoma 19.4, na mpaka wa kusema mtu ni mgonjwa ni 7.0. Habari ilifika nyumbani kabla sijateremka kwenye tuktuk. Kufikia magharibi nilikuwa nimeletewa mlonge, mwarobaini, na bamia la kuloweka usiku kucha ninywe maji yake. Nikaletewa na onyo, lile lile kutoka kila mdomo: vidonge sawa, lakini sindano usikubali. Sindano ni ya mwisho. Ukianza huachi, na walioanza si unajua walivyoishia?

Na daktari alikuwa ameniandikia sindano.

Ningeweza kucheka nikasema ni maneno ya mtaa. Lakini mamangu ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote, na mamangu si mtu wa kuamini ovyo. Yeye amehesabu. Jirani wa nyuma alidungwa mwezi wa pili, wa tano akazikwa. Ami yake alidungwa, wiki ile ile akakatwa mguu. Ushahidi ameuona kwa macho yake. Mimi nilichotaka kujua ni hesabu hiyo ilianza vipi, kwa sababu dawa hiyo ilipoingia duniani ilipokelewa kinyume kabisa.

Ugonjwa wenyewe ni wa kale. Waganga wa Bara Hindi waliuita mkojo wa asali, wakaona sisimizi wakiufuata. Ibn Sina aliuandika katika Kanuni yake miaka elfu moja iliyopita, pamoja na ule utamu wa mkojo. Kuujua walikuwa wanaujua. Kuutibu ndiko kulikowashinda. Mwanzoni mwa karne ya 20 tiba iliyosifiwa zaidi Marekani ilikuwa kumnyima mgonjwa chakula. Ukila kidogo sana, sukari inashuka, unaongeza miezi, pengine mwaka au miwili. Watoto walikuwa wakifa kwa njaa ili wasife kwa sukari.

Mmoja wao alikuwa Leonard Thompson wa Toronto, Kanada, miaka 14, uzito wake kilo 29 hivi. Januari 1922 alidungwa insulini iliyotolewa kwenye kongosho la ng'ombe, kazi ya Frederick Banting na Charles Best katika maabara ya J.J.R. Macleod. Sindano ya kwanza haikufanya la maana, ilikuwa chafu. James Collip akaisafisha, na siku 12 baadaye wakajaribu tena. Sukari ikashuka. Kijana akaishi miaka 13 zaidi, akafa 1935 kwa nimonia. Hati ya ugunduzi huo waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja, ili asitokee mtu wa kuihodhi. (Bei ya kichupa leo ungedhani hawakuuza hivyo, lakini hayo ni makala mengine.)

Kwa hiyo kwa Leonard sindano ilikuwa ya kwanza. Ilitangulia kaburi kwa miaka 13. Huku kwetu ilikuwaje ikawa jirani ya kaburi?

Kwanza, tuliambiwa huu si ugonjwa wetu. Daktari Hugh Trowell alifika Kenya mwaka 1929, baadaye akafanya kazi miaka mingi Mulago, Kampala. Alishangaa jinsi kisukari, presha na magonjwa ya moyo yalivyokuwa nadra kwa Waafrika aliowatibu, na mwaka 1960 akatoa kitabu kizima kuhusu magonjwa yasiyoambukiza Afrika. Baadaye, yeye na mwenzake Denis Burkitt walisema siri ni chakula: unga usiokobolewa, maharage, mboga, vyakula vyenye makapi. Mimi nadhani walikuwa na hoja. Babu zetu hawakula mahamri kila asubuhi na chai ya vijiko vinne, halafu wakakaa dukani mpaka usiku.

Lakini nadra kwa nani? Daktari anahesabu anayefika hospitalini. Mtoto wa Kisauni wa wakati huo anayekonda, anakojoa usiku kucha, anakunywa maji kama mchanga, anapoteza fahamu siku ya tatu, angehesabiwa wapi? Hospitali kubwa zilikuwa kisiwani, na kabla ya daraja la sasa la Nyali kufunguliwa 1980, njia ilikuwa daraja la kuelea. Angezikwa jioni, na watu wangesema ni homa, au ni mtu. Kutoonekana na kutokuwepo ni vitu viwili.

Aliyekwenda kuhesabu mlango kwa mlango alikuwa Donald McLarty wa Muhimbili, Dar es Salaam, na wenzake wa Kitanzania. Katika miaka ya 1980 walipima zaidi ya watu 6,000 wazima katika vijiji 6. Walioonekana na kisukari hawakufika 1 kwa kila 100. Basi Trowell hakukosea sana kuhusu vijijini.

Ila timu hiyo hiyo ilifanya jambo la pili, na hili ndilo nililomsomea mamangu jikoni. Waliwafuatilia zaidi ya wagonjwa 1,000 wapya wa kisukari waliofika Muhimbili kuanzia 1981 hadi 1987. Wengi walikufa katika miaka hiyo michache. Na waliohitaji insulini wakafa, wengi wao waliuawa na vitu viwili: maambukizi, na ketoasidosisi. Hii ya pili ni pale mwili unapokosa insulini, ukaanza kuunguza mafuta yake wenyewe mpaka damu ikajaa asidi. Inazuiwa kwa insulini. Tena kwa insulini tu.

"Yaani walikufa kwa kukosa sindano?" mamangu akauliza.

Nikamwambia ndiyo. Akaendelea kuchambua mchicha.

Nikamrudisha kwa jirani wa nyuma. Alijua lini ana sukari? Siku alipoanguka. Ami je? Kidonda kilipotoa harufu. Si wao tu: utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu Wakenya wazima 88 katika kila 100 hawajawahi kupimwa sukari maishani mwao. Tunachelewa kujua, tukijua tunajaribu mlonge mwaka mzima, vidonge tunavinywa mwezi wenye pesa, na sindano inaletwa wakati figo zimechoka na mguu umeoza. Inamkuta maiti mlangoni, halafu inashtakiwa kwa mauaji. Mamangu alihesabu sawasawa. Alichokosa ni mwanzo wa kila hadithi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na mashine ya kuuonyesha.

Sisemi hapo alikubali. Alitoa swali lake la akiba: si inatoka kwa nguruwe? Na hapo pia hakuwa anaota. Kwa miongo sita insulini ilikamuliwa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe kutoka machinjioni, na Waislamu wengi waliokaa nayo mbali walikuwa na sababu. Mwaka 1982 Marekani iliidhinisha insulini ya kwanza iliyotengenezwa na bakteria waliofundishwa kutoa ile ile ya binadamu. Kichupa changu ni cha aina hiyo. Nilimsomea karatasi yake yote, mpaka namba ya simu ya kiwanda.

Kilichobaki ni joto. Friji yetu iko, stima ndiyo haina ahadi, na insulini ikikaa kwenye joto inakufa kimya kimya. Unaidunga, sukari haishuki, mtaa unasema si tulikwambia. Wagonjwa wa sehemu nyingi za joto hutumia vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga uliolowa. Maji yakikauka yanaondoka na joto. Hewa ya Mombasa ina unyevu, kwa hiyo hapa havipozi kama ambavyo vingepoza Garissa, lakini ni afadhali kuliko juu ya kabati chini ya mabati.

Vyungu nilivinunua mimi. Mchanga aliuleta mamangu, kutoka ufuoni, akauosha mara tatu kutoa chumvi. Kila asubuhi kabla ya kuweka sufuria ya chai anaumwagia kikombe cha maji. Bado hataki kuniangalia nikijidunga. Anageuka upande wa dirisha. Halafu anauliza, kwa sauti ya mtu asiyeuliza: "Ngapi leo?"

Leo 8.1.