Waya wa Shaba: Jean Katambayi Mukendi na Sanaa ya Mitambo, Tukiitazama kutoka Kasese

Reli kutoka Kampala ilifika Kasese, magharibi mwa Uganda, mwaka 1956. Ilifuata shaba. Juu ya mji, katika bonde la Kilembe chini ya milima ya Rwenzori, kampuni ya Kilembe Mines ilikuwa imeanza kuchimba. Mawe yalisagwa na kuchujwa palepale, kisha yakapakiwa kwenye mabehewa hadi Jinja, ambako tanuri lilitumia umeme wa bwawa la Owen Falls lililozinduliwa mwaka 1954. Kutoka Jinja shaba ilishuka hadi Mombasa, ikapanda meli, ikaenda zake. Hadi machimbo yalipofifia miaka ya 1970 na hatimaye kusimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, zaidi ya tani milioni 16 za mawe yenye madini zilikuwa zimetolewa ndani ya mlima ule.

Mwaka huohuo wa 1956, huko Paris, msanii Nicolas Schöffer, mzaliwa wa Hungaria, alionyesha sanamu aliyoiita CYSP 1. Ilikuwa na mabamba ya rangi yaliyozunguka, macho ya umeme yaliyotambua mwanga, maikrofoni na magurudumu. Sauti au mwanga ukibadilika, sanamu nayo ilibadili mwendo wake. Wahandisi wa kampuni ya Philips ndio waliomsaidia kuitengeneza, na ilicheza pamoja na wacheza dansi wa Maurice Béjart juu ya paa la jengo la Le Corbusier mjini Marseille. Wanahistoria wengi wa sanaa huanzia hapo wanaposimulia habari za sanaa shirikishi ya kiteknolojia, yaani kazi ambayo humjibu mtazamaji kwa mwendo, sauti au mwanga. Mwaka 1970 Edward Ihnatowicz, Mpolandi aliyeishi Uingereza, aliweka Senster katika jumba la Evoluon la kampuni hiyohiyo ya Philips mjini Eindhoven. Hilo lilikuwa dude la chuma lenye shingo ndefu iliyoongozwa na kompyuta. Ukiliongelesha kwa upole lilikuinamia. Ukilipigia kelele lilijikunyata. Mwaka 1974 wenye nalo wakalibomoa.

Habari hizi mbili, ya Kilembe na ya Paris, huandikwa katika vitabu tofauti. Mimi nasema ni habari moja. Hakuna sanamu inayosogea kwa mota bila koili, wala koili bila waya, kwa kawaida wa shaba, na shaba hiyo ilitoka mahali fulani penye watu. Tumezoea kuusoma mkasa huu kutoka upande wa jumba la maonyesho, ambako waya huonekana kama kitu kilichozaliwa dukani. Wapo wasanii waliouanza kutoka upande wa shimo. Aliye karibu nasi zaidi kwa asili ya kazi yake, na kwa lugha ya mji wake pia, ni Jean Katambayi Mukendi wa Lubumbashi, katika eneo la Katanga nchini Kongo.

Ujirani wa Kasese na Lubumbashi ni wa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1906 msafara wa Luigi wa Savoia, Dyuki wa Abruzzi, ulipanda Rwenzori, na tangu hapo habari za shaba ya bonde la Kilembe zikaanza kuandikwa. Mwaka huohuo ikaundwa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoimiliki shaba ya Katanga kwa miaka sitini. Mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Tanganyika Concessions, kampuni ya Robert Williams, na ni kampuni hiyohiyo iliyokuja baadaye kupima mwamba wa Kilembe kati ya vita viwili vya dunia. Lubumbashi yenyewe ilianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville. Wafanyakazi waliletwa kutoka pande nyingi, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi, ya kambi, na mwishowe ya mji mzima. Mnamo 1967 serikali ya Kongo iliitaifisha Union Minière, na kampuni iliyozaliwa ikaja kujulikana kama Gécamines.

Lipo jambo moja la kiufundi ambalo bila kulielewa huwezi kuielewa sanaa ya Katambayi. Katika miaka ya 1970 Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, ilianza kujenga njia ya umeme kutoka bwawa la Inga, karibu na bahari ya Atlantiki, hadi Kolwezi katika Katanga, ambayo wakati huo iliitwa Shaba. Ni umbali wa kilomita 1,700 hivi, na kazi ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Shabaha ilikuwa kuendesha migodi. Umeme wa njia ile ni wa mkondo mnyoofu wenye nguvu kubwa mno, unaobadilishwa kwenye kituo cha mwanzo na kubadilishwa tena kwenye kituo cha mwisho. Huwezi kupachika transfoma njiani na kuwagawia watu. Kwa hiyo umeme unapita juu ya vijiji, usiku na mchana, na vijiji vile viko gizani. Hata Lubumbashi, mji wa shaba, kukatika kwa umeme ni jambo la kila siku.

Katika mji huo Katambayi alizaliwa mwaka 1974. Alisomea umeme, si uchoraji. Ukiitazama kazi yake utaona jinsi mafunzo yale yalivyomjenga: anafikiri kwa sakiti, kwa hesabu, kwa pembe na duara. Mitambo aliyoanza kuijenga ni ya katoni, karatasi, waya na vipande vya vifaa vya elektroniki vilivyokwishatupwa. Katoni hukatwa, hukunjwa na kugundishwa hadi iwe gia, boksi la swichi au mkono wa roboti, na ndani yake hupitishwa nyaya zinazofanya kazi kweli. Ni mitambo dhaifu. Ukiigusa vibaya inapinda, unyevu ukiingia inalegea. Lakini imepangwa kwa makini ya mtu anayejua kwamba waya mmoja ukikosea njia, kila kitu kinazimika. Maswali inayouliza ni ya mji wake: nani anapata umeme, kwa saa ngapi, na nani ameamua hivyo.

Nasisitiza neno dhaifu kwa sababu ndipo ninapouona ubora wake. Msanii wa Ulaya wa mwaka 1956 alipewa chuma na wahandisi na kampuni kubwa. Katambayi alikuwa na boksi lililokuja na bidhaa za wengine, na mabaki ya mashine ambazo mji wake ulilipia kwa madini. Kuchagua katoni kulikuwa pia uamuzi wa kisanaa. Mtambo wa katoni hauwezi kuutisha umma, na kila mtu anayeutazama anaona kwamba kilichomo ni akili, maana mali haimo.

Nyumba yake ya kisanaa ilikuwa Picha, kituo kilichoanzishwa Lubumbashi mwaka 2008 na mpiga picha Sammy Baloji na mwandishi Patrick Mudekereza pamoja na wenzao. Jina hilo halihitaji ufafanuzi kwa msomaji wa Kiswahili. Picha ndiyo iliyoanzisha mikutano ya sanaa iliyokuja kuwa Biennale ya Lubumbashi, na kupitia hapo kazi za Katambayi zikavuka mipaka hadi kwenye majumba ya sanaa ya Ulaya.

Kisha akageukia karatasi tambarare. Michoro yake aiitayo Afrolampe ni mfululizo wa balbu kubwa, zimechorwa kwa mistari myembamba na iliyonyooka kama michoro ya mhandisi. Ukisogea karibu, unaona kwamba ndani ya kioo, pale unapotarajia uzi unaowaka, kuna maumbo mengine: mihimili, duara, njia zinazopishana na kurudi zilikotoka. Kila balbu ni mtambo wa peke yake. Hakuna hata moja inayowaka, na huwezi kuitazama bila kufuatisha kwa jicho ili ujue umeme ungepita wapi. Hapo mtazamaji ndiye anayeifanya kazi ya mkondo. Ingawa haisogei wala kuwaka, naihesabu michoro hii nayo kuwa sanaa shirikishi.

Kazi yake iliyozungumzwa zaidi ni ya pamoja. Tangu 2018 Picha imeshirikiana na Enough Room for Space, kundi la wasanii lililoko Ubelgiji, katika mradi wa On-Trade-Off. Mradi huo unafuatilia lithiamu ya Manono, mji wa zamani wa bati kaskazini mwa Lubumbashi ambako akiba kubwa ya lithiamu imethibitishwa. Mwaka 2019 ikatoka Tesla Crash. Katambayi na wenzake walijenga gari la umeme la Tesla, kwa ukubwa wake halisi, likiwa limesokotwa kwa waya wa shaba. Mtoto yeyote wa Kasese aliyewahi kukunja waya akapata gari, akalisukuma kwa kijiti kirefu barabarani, angeutambua ufundi ule mara moja. Gari la Marekani linalouzwa kama wokovu wa hewa ya dunia limerudishwa kwenye mkono wa mtoto wa mgodini, tena kwa madini yaliyotoka chini ya miguu yake.

Hayuko peke yake. Kinshasa yupo Rigobert Nimi, anayejenga vyombo vya anga na roboti kwa mabati, plastiki, mota ndogo na taa. Kazi zake zilionyeshwa Paris mwaka 2015 katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo kwenye Fondation Cartier. Mhandisi Thérèse Izay Kirongozi alisimamisha roboti za kuongoza magari katika barabara za Kinshasa kuanzia 2013. Hajidai kuwa msanii, ingawa roboti zake zimetazamwa na watu wengi kuliko sanamu yoyote niliyoitaja. Uganda nako, Lilian Nabulime wa Makerere alitengeneza sanamu za sabuni ambazo watu walizishika mikononi ndipo wakaweza kuzungumza juu ya Ukimwi, na Ruganzu Bruno akawajengea watoto wa Kampala uwanja wa michezo kwa chupa za plastiki, kazi iliyompatia tuzo ya TED ya City 2.0 mwaka 2012. Kazi hizo za Uganda hazina sakiti, ila zinadai jambo lilelile: mtazamaji aingie ndani ya kazi.

Na Kasese? Mji huu una karibu kila alichokuwa nacho Katambayi. Kilembe ilijengewa kituo chake cha umeme kwenye mto Mubuku, chenye nguvu ya megawati 5 hivi. Ni jambo la kukumbuka kwamba umeme wa mto wa Rwenzori uliulisha mgodi kwanza, kabla ya vijiji vinavyouzunguka. Mgodi ulipokufa uliacha mlima wa mabaki karibu na mji, takriban tani milioni moja za mchanga wenye kobalti, ambao mvua iliukamua tindikali ikateremka kuelekea Hifadhi ya Queen Elizabeth na kuunguza majani njiani. Kuanzia 1999 kampuni ya Kasese Cobalt iliutia mchanga ule kwenye matangi ambamo bakteria waliula na kuiachia kobalti, hadi rundo likaisha mwaka 2013. Bakteria walioajiriwa kuchimba madini! Nimesoma habari za maonyesho mengi ya sanaa na sayansi ya Ulaya yanayojivunia mambo madogo kuliko hilo. Mwaka huohuo wa 2013, mwezi Mei, mto Nyamwamba ulifurika ukabomoa nyumba za wafanyakazi na kuingia katika hospitali ya Kilembe. Ukarudi tena Mei 2020.

Mafundi pia wapo. Teremka Bwera, ufike Mpondwe ambako mto Lhubiriha unatutenganisha na Kasindi ya Kongo, na Wakonzo wa huku na Wanande wa kule wanasikilizana bila mkalimani. Biashara inayovuka pale huendeshwa kwa Kiswahili sana tu. Katika vibanda vya soko utakuta fundi ameifungua mota iliyoungua, anaikata koili ya zamani, anahesabu mizunguko yake moja moja kabla ya kusokota mpya. Akikosea hesabu, mota itaungua tena. Paneli za sola, betri za pikipiki, redio na simu zilizokufa hupita mikononi mwake na kutoka zikiwa hai. Ndio ujuzi uleule alioanza nao Katambayi. Kilichomtofautisha ni kwamba mji wake ulikuwa na mahali kama Picha, pa kumwambia fundi kwamba mashine isiyouzwa nayo ina maana.

Kwa hiyo ombi langu ni la wazi, na linawahusu viongozi wa wilaya, Kilembe Mines, na wenzetu wanaoandaa maonyesho Kampala. Michoro ya wahandisi, picha za wachimbaji, swichi na mota zilizobaki Kilembe zikusanywe na kuwekwa chini ya paa moja Kasese, mahali pakavu palipo mbali na mto. Karakana ndogo ifunguliwe kando yake kwa ajili ya mafundi wa Bwera na vijana wa shule. Na Katambayi aalikwe kuja kufundisha humo, kwa Kiswahili, bila mkalimani. Wewe msomaji ambaye babu yako alifanya kazi Kilembe na bado una kitambulisho chake cha kazi, barua yake au picha yake, usikitupe. Kipeleke kwa walimu wa historia wa shule iliyo karibu nawe kabla Nyamwamba haujafurika tena.