Vifungu vya 162, 163 na 165 (Kanuni ya Adhabu ya Kenya)

Vifungu vya 162, 163 na 165 vya Kanuni ya Adhabu ya Kenya (Sura ya 63) ndivyo vinavyoyafanya mapenzi ya jinsia moja kati ya watu wazima walioridhiana kuwa kosa la jinai. Vinatumika Otonglo, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, sawa na vinavyotumika Nairobi au Lamu. Harakati za kuvifuta zina mizizi mirefu zaidi Kisumu kuliko wengi wanavyofahamu: NYARWEK, muungano wa vikundi vya Nyanza, Bonde la Ufa na Magharibi, ulikuwa miongoni mwa waombaji katika kesi iliyoamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 2019.

Kifungu cha 162 kinatoa kifungo cha hadi miaka 14 na kina aya tatu. Aya (a) inamhusu anayemwingilia mtu mwingine "kinyume na maumbile", (b) anayemwingilia mnyama, na (c) anayemruhusu mwanamume amwingilie. Watu wawili wazima waliokubaliana faraghani wameandikwa basi juu na chini ya mnyama, kwa adhabu ile ile. Kifungu cha 163 kinaadhibu jaribio la kosa hilo kwa miaka saba. Cha 165 kinawahusu wanaume peke yao: tendo lolote la "aibu kubwa" baina yao, liwe hadharani au faraghani, ni miaka mitano. Aibu kubwa ni nini, sheria haisemi. Polisi na hakimu wameachiwa waamue.

Asili

Mara nyingi husikika barazani kwamba vifungu hivi vinalinda mila. Historia yake inaonyesha vingine. Mwaka 1897 Waingereza waliingiza Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, pamoja na kifungu chake cha 377, katika himaya yao ya Afrika Mashariki. Wakati huo Kisumu haikuwa hata ndani ya himaya hiyo. Nchi ya Wajaluo ilihesabiwa upande wa Uganda hadi 1902, mpaka ulipohamishwa. Mwaka 1930 ikaletwa kanuni mpya, iliyofuata mfano wa ile ya Queensland, Australia, ya 1899. Wazee wa Winam, upande wa Kisumu, hawakuulizwa lolote katika hatua hizo. Uingereza na Wales zilianza kuliondoa kosa hili katika vitabu vyao mwaka 1967, na Queensland yenyewe mwaka 1990. Kenya imebaki imeishika sheria ambayo walioitunga wameshaitupa.

Baadhi ya watetezi hutaja desturi ya mwanamke kuoa mwanamke, inayojulikana kwa Wanandi, Wakisii na Wakuria, kama ushahidi wa upande wao. Hoja hiyo isivutwe kupita kiasi. Ndoa hizo zilihusu nyumba, mrithi na jina la ukoo, si mapenzi kati ya wake hao. Zinachothibitisha ni kwamba mila za Kiafrika zilikuwa na nafasi ya mipango ya kifamilia ambayo Mwingereza hakuijua, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua ndoa ya namna hiyo katika kesi ya mirathi ya Kinandi.

Utekelezaji

Uzito wa sheria hii hauonekani sana katika hukumu, kwa maana kuthibitisha kilichotendeka nyuma ya mlango uliofungwa ni kazi ngumu. Unaonekana katika vitisho. Njia inayojulikana ni hii: mtu anazoeana na mwenzake kwenye simu, wanapanga kukutana, naye akifika anawakuta watu ambao hakuwatarajia. Wanachukua simu yake, wanasoma ujumbe wake, kisha wanamwambia achague kati ya kituo cha polisi na M-Pesa. Atalipa. Kesho watapiga tena. Hawezi kwenda kushtaki, kwa kuwa ili aeleze alivyoibiwa itabidi kwanza ajieleze yeye mwenyewe mbele ya sheria. Mwenye nyumba akisikia, hahitaji notisi ya kumfukuza mpangaji. Kutaja polisi kunatosha.

Kulikuwa pia na uchunguzi wa lazima wa sehemu ya haja kubwa. Wanaume wawili waliokamatwa Kwale mwaka 2015 walipelekwa hospitalini Mombasa wakapimwa hivyo ili upatikane ushahidi dhidi yao. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufani huko Mombasa iliamua kwamba ushahidi wa aina hiyo unapatikana kwa kuvunja haki zao. Ulikuwa ukatili mtupu uliovikwa koti la daktari, na ni vyema umekatazwa.

Kesi ya 2019

Maombi mawili ya mwaka 2016, moja la Eric Gitari na jingine la John Mathenge na wenzake pamoja na NYARWEK na GALCK, muungano wa mashoga na wasagaji wa Kenya, yaliunganishwa. Waombaji walitegemea Katiba ya 2010: usawa (Ibara ya 27), utu (28), faragha (31) na afya (43). Tarehe 24 Mei 2019 majaji Roselyne Aburili, Chacha Mwita na John Mativo waliyatupilia mbali. Walisema vifungu vinamhusu "mtu yeyote", hivyo havibagui, na kwamba kuvifuta kungefungua mlango wa ndoa za jinsia moja ilhali Ibara ya 45 inataja ndoa ya watu wa jinsia tofauti.

Waombaji hawakuwa wameomba ndoa, na walilisema hilo waziwazi. Kuacha kumfunga mtu hakumpi cheti cha ndoa. Wala watoto wasingebaki bila ulinzi, kama ilivyodaiwa nje ya mahakama: ubakaji na unajisi vinaadhibiwa na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, ambayo hakuna aliyeigusa. Siku 18 baadaye, tarehe 11 Juni, Mahakama Kuu ya Botswana ilisoma maneno yanayofanana na hayo katika kanuni yake, yenye asili hiyo hiyo ya Kiingereza, ikayafuta. Waombaji wa Kenya walikata rufaa.

Katika kesi nyingine, tarehe 24 Februari 2023, Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba kulinyima usajili shirika la NGLHRC, linalotetea haki za mashoga na wasagaji, ni ubaguzi. Basi nchini Kenya watu hawa wanaruhusiwa kuunda shirika, ila wakipendana wanahatarisha miaka 14. Aliyepinga kwa nguvu alitoka ufuoni mwa Ziwa Victoria, kama Kisumu: Peter Kaluma, mbunge wa Homa Bay Mjini, aliomba uamuzi upitiwe upya, na Septemba 2023 akakataliwa. Mwaka huo huo alipendekeza Muswada wa Ulinzi wa Familia, wenye adhabu kali zaidi.

Afya katika ukanda wa ziwa

Hapa ndipo sheria inapowaumiza hata wasiohusika nayo. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakiwa asilimia 19.6 Homa Bay, 17.5 Kisumu na 15.3 Siaya. Ukiipita Otonglo kuelekea Busia unafika Kisian, kwenye kituo cha KEMRI, mojawapo ya vituo vikubwa vya utafiti wa Ukimwi na malaria barani. Mjini Kisumu, utafiti wa Anza Mapema uliwaandikisha wanaume zaidi ya 700 wanaolala na wanaume wenzao, kwa ajili ya kupimwa na kutibiwa. Wizara ya Afya inawataja wanaume hao katika mipango yake ya Ukimwi kama kundi la kufikiwa kwanza. Muuguzi anamwomba mtu aseme ukweli kuhusu anayelala naye, na ukweli huo ni kukiri kosa la jinai. Anayenyamaza anarudi nyumbani na ugonjwa wake, pengine kwa mke.

Njia za kuvifuta

Huduma nyingi za afya ni kazi ya kaunti, lakini Jedwali la Nne la Katiba limeiweka sheria ya jinai mikononi mwa serikali ya kitaifa. Bunge la Kaunti ya Kisumu haliwezi kufuta hata neno moja la kifungu cha 162. Zimebaki njia mbili: Mahakama, kama Mauritius mwaka 2023 na Namibia mwaka 2024, au Bunge, kama Msumbiji na Angola zilivyofanya kwa kupitisha kanuni mpya za adhabu. Kwa njia ya Bunge, Kisumu ina viti vinane katika Bunge la Kitaifa: wabunge saba wa maeneo, kuanzia Seme hadi Nyakach, na mwakilishi wa wanawake.