Makubaliano ya Hiari Kati ya Serikali na Viwanda: Yalipofaa na Yalipokwama

Mara kwa mara tunasikia kampuni fulani imetia sahihi na serikali kwamba itapunguza gesi zinazoongeza joto duniani. Mikono hupeanwa, picha hupigwa, na habari huishia hapo. Sisi wakaazi wa Pwani tuna bandari, viwanda vya saruji na vya chuma, na malori ya masafa marefu mlangoni petu. Tuna haki ya kuuliza kama makubaliano ya namna hii huleta mabadiliko au ni maneno matupu. Bahati nzuri, njia hii imejaribiwa katika nchi nyingine kwa zaidi ya miaka 30, na matokeo yake yanajulikana.

Maana yake

Serikali inayotaka viwanda vipunguze gesi joto ina njia tatu kubwa. Inaweza kutunga sheria yenye faini, inaweza kutoza kodi, au inaweza kukaa na wenye viwanda na kukubaliana. Katika njia hii ya tatu kampuni hujiunga kwa hiari. Huahidi kupunguza kiasi fulani, nayo serikali huisaidia kwa utaalamu, kwa kuitangaza kwa wema au kwa kuipunguzia masharti. Asiyejiunga hashtakiwi, na mara nyingi hata aliyejiunga akashindwa hashtakiwi.

Marekani ilivyoanza

Mojawapo ya nchi zilizoitegemea sana njia hii ni Marekani. Mwaka 1991 shirika lake la kulinda mazingira, EPA, lilianzisha mpango ulioitwa Green Lights. Kampuni iliyojiunga iliahidi kukagua taa za majengo yake na kuziondoa zile zinazokula stima nyingi, lakini pale tu ambapo gharama ya kubadilisha ingerudi kupitia bili ndogo. Mwaka 1992 ukafuata mpango wa Energy Star, ile nembo ya nyota ambayo wengi wetu tumeiona kwenye skrini za kompyuta na mafriji. Ulianza na kompyuta zinazojipunguzia umeme zikiwa hazitumiki.

Jambo lililoupa mpango huo nguvu ni amri ya Rais Bill Clinton ya mwaka 1993, iliyoagiza idara za serikali kuu zinunue kompyuta zenye nembo hiyo. Serikali ilikuwa mteja mkubwa mno, na hakuna mtengenezaji aliyetaka kumkosa. Kwa hivyo hiari ile ilikuwa na soko nyuma yake.

Mpango mwingine, wa mwaka 1995, uliwahusu watengenezaji wa alumini. Alumini hutengenezwa kwa kupitisha umeme mkali ndani ya vyungu vikubwa vyenye unga mweupe uitwao alumina. Unga huo ukipungua kupita kiasi, umeme hupanda ghafla na chungu hutoa gesi za jamii ya perifluorokaboni. Tani moja ya mojawapo ya gesi hizo hupasha dunia joto kuliko tani 6,000 za hewa ya ukaa, nayo hukaa angani kwa maelfu ya miaka. Viwanda vilijifunza kulisha vyungu kwa mpangilio mzuri zaidi, na gesi hizo zikapungua kwa zaidi ya nusu. Ni kweli kwamba baadhi ya viwanda vilifungwa na uzalishaji ukashuka, lakini hata kwa kila tani ya alumini, gesi ilipungua sana.

Mwaka 1999 ikawa zamu ya kampuni za umeme. Swichi kubwa za stima hujazwa gesi iitwayo salfa heksafloraidi ili kuzuia cheche. Hiyo ni kali zaidi, kwani tani yake moja ni sawa na zaidi ya tani 23,000 za hewa ya ukaa. Kampuni zilizojiunga zilianza kupima uvujaji, kuziba na kuikusanya gesi wakati wa ukarabati badala ya kuiachilia hewani, na uvujaji ukashuka sana.

Ukiangalia mifano hii utaona inafanana. Taa mbovu ni bili kubwa, chungu kinachoruka umeme ni hasara ya kiwanda, na gesi inayovuja ni gesi iliyonunuliwa kwa pesa. Mwenye kampuni alikuwa na faida yake mwenyewe katika kupunguza. Serikali ilimwonyesha tu mahali pesa zilikovujia.

Zilipokwama

Oktoba 1993 serikali ya Clinton ilitangaza mpango wa kurudisha gesi joto za Marekani katika kiwango cha mwaka 1990 ifikapo mwaka 2000. Sehemu kubwa ya hatua zake ilikuwa ya hiari. Mwaka 2000 ulipofika, gesi hizo hazikuwa zimerudi. Zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 10. Mipango midogo ilifaulu katika vyungu na swichi, huku magari na mitambo ya makaa ya mawe ikiendelea kuongezeka.

Ulaya ina funzo lililo wazi zaidi. Mwaka 1998 chama cha watengenezaji magari wa Ulaya kiliahidi kwamba kufikia mwaka 2008 magari mapya yangetoa wastani wa gramu 140 za hewa ya ukaa kwa kila kilomita, kutoka takriban gramu 186 mwaka 1995. Mwaka 2008 wastani ulikuwa bado juu ya gramu 150. Basi mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ukatunga sheria ya gramu 130 kufikia mwaka 2015, na faini kwa kila gramu inayozidi, kwa kila gari linalouzwa. Kiwango hicho kilifikiwa kabla ya muda wake. Vipimo vya maabara vilikuwa vya chini kuliko hali halisi ya barabarani, lakini hata hivyo tofauti ya kasi kabla na baada ya sheria ilionekana.

Kuna pia suala la usimamizi. Mwaka 2010 ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani iliijaribu nembo ya Energy Star kwa siri. Iliunda kampuni za uongo na kupeleka vifaa 20 visivyokuwepo. Vifaa 15 vilipitishwa, kikiwemo saa ya kengele iliyodaiwa kutumia petroli. Waliokuwa wakithibitisha walitegemea maneno ya muombaji. Baada ya aibu hiyo, vifaa vilitakiwa kupimwa na maabara zinazotambuliwa kabla ya kupewa nembo.

Uholanzi ilifanyaje

Kuanzia mwaka 1992 Uholanzi ilitia sahihi makubaliano na sekta moja moja za viwanda, ili zitumie nishati vizuri zaidi kwa asilimia 20 kati ya mwaka 1989 na 2000. Zilipita lengo hilo, zikafikia takriban asilimia 22. Siri haikuwa wema wa wenye viwanda. Kila sekta ilikuwa na nambari yake, wakala wa serikali alikusanya hesabu kila mwaka, na aliyekataa kujiunga alijua kwamba masharti ya leseni yake ya mazingira yangeweza kukazwa. Hiari ilikuwepo, na fimbo ilikuwa imeegemezwa ukutani.

Hapa kwetu

Kenya inachangia sehemu ndogo sana ya gesi joto za dunia, lakini imeahidi kupunguza kwa asilimia 32 kufikia mwaka 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwepo bila hatua zozote. Mwaka 2006 Wizara ya Kawi na Chama cha Watengenezaji Bidhaa, KAM, walianzisha kituo cha pamoja cha kusaidia viwanda kukagua matumizi yao ya nishati. Kisha kanuni za mwaka 2012 zikalazimisha majengo na viwanda vinavyotumia zaidi ya yuniti 180,000 za nishati kwa mwaka kufanya ukaguzi kila baada ya miaka 3. Kwa hivyo hapa pia msaada wa hiari ulitangulia na lazima ikafuata.

Lakini tujue mipaka yake. Stima yetu kwa sehemu kubwa hutoka kwa jotoardhi, maji na upepo, kwa hivyo kiwanda kinachopunguza bili ya stima kinaweza kupunguza gesi kidogo tu. Uzito uko kwenye makaa ya mawe na mafuta ya tanuri. Tena katika saruji, zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa haitoki kwenye moto. Hutoka kwenye jiwe la chokaa lenyewe linapochomwa. Kuipunguza kunahitaji kuchanganya saruji na udongo wa volkano au majivu, au kubadilisha mitambo kwa gharama kubwa. Hapo ndipo faida ya haraka huisha, na hapo ndipo ahadi nyingi za hiari hukwama.

Tusichanganye pia kupunguza gesi na kununua hati za kaboni. Kule Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umeuza hati kutokana na hekta 117 za mikoko tangu mwaka 2013, na pesa zikasaidia maji na shule. Huo ni mradi wa kujivunia. Lakini kampuni inayonunua hati hizo haijapunguza moshi wa bomba lake. Na miradi inayotumia ardhi sasa inafungwa na sheria ya mwaka 2023, inayotaka angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka yaende kwa jamii.

Maswali ya kuuliza

Siku tukialikwa kwenye kikao cha maoni, au tukisoma kwamba kiwanda jirani kimeahidi kupunguza gesi, tuulize haya. Kitapunguza kutoka kiwango cha mwaka gani? Ni jumla ya gesi, au ni gesi kwa kila tani ya bidhaa? Hiyo ya pili inaweza kushuka huku jumla ikipanda. Nani atapima, na je, analipwa na nani? Hesabu zitachapishwa wapi ili mwananchi azione? Na lengo lisipofikiwa, kitafuata nini?

Palipo na majibu ya maswali haya matano, makubaliano ya hiari yanaweza kufanya kazi haraka kuliko sheria inayokaa bungeni miaka. Pasipo na majibu, tujue tumeonyeshwa picha tu. Ahadi ni deni, na deni huandikwa kiasi, tarehe na mashahidi.