Neno "Hamu": Asili Yake na Safari ya Maana

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya uhitaji wa moyo: shauku, kiu, uchu, ngoa na hamu. Miongoni mwa hayo, hamu ndilo lililozoeleka mno hata asili yake haiulizwi. Mtu huwa na hamu ya kumwona mzazi aliye safarini, au hamu ya kupendwa. Haja ya fedha huweza kuondolewa na yeyote mwenye fedha. Hamu ya mama haiondolewi ila na mama.

Asili ya neno hili ni Kiarabu hamm, yaani wasiwasi au jambo liushughulishalo moyo. Katika mzizi huohuo limo himma, lililozaa hima na himiza, na muhimm, lililozaa muhimu. Yote yana kiini kimoja, nacho ni moyo kuelekea jambo na kushikwa nalo. Homa halimo katika ukoo huu: h yake ya asili ni ile ya kooni, na hati za Kilatini huziandika h hizo mbili kwa herufi moja.

Aghalabu hudhaniwa kwamba Waswahili ndio walioigeuza huzuni kuwa tamaa. Dhana hiyo yahitaji kupunguzwa. Kitenzi hamma, cha mzizi huohuo, kimetumika katika Sura ya Yusuf, aya ya 24, kuelezea jinsi mke wa bwana wake alivyomwelekea Yusuf kwa matamanio. Mbegu ya kutamani, basi, ilikuwamo tangu awali. Tena, wanazuoni wa Kiarabu walizoea kutofautisha huzn, majonzi ya yaliyopita, na hamm, mashaka ya yajayo. Kiswahili kililipokea la kwanza likawa huzuni, bila kubadilika sana. La pili lilibaki likitazama mbele, ila kilichokuwa kikihofiwa kikawa kinatamaniwa.

Ushahidi wa safari hiyo ungali midomoni mwa watu. Husemwa kila siku kwamba mashabiki wanaingoja mechi "kwa hamu na ghamu", na maana iliyokusudiwa ni furaha ya kutazamia. Lakini ghamu ni sononeko. Mzizi wake wa Kiarabu ni wa kufunika, na humo yamo mawingu, ghamam. Hamm na ghamm ni jozi ya kale ya Kiarabu, nayo ni dhiki mtupu. Hamu ilipobadilika ilimvuta mwenziwe, na ghamu ikawa mkazo tu. Wako wawezao kuuita msemo huo kosa. Lakini msemo uliokwisha kukubaliwa na wasemaji si kosa, bali ni kumbukumbu.

Jambo hili lina uzito kwa wahariri wa tungo za kale. Mjane akiitaja hamu yake katika utenzi, mhariri atakayeifasiri kwa maana ya leo tu huenda akamtia tamaa mtu aliyekuwa akilia. Atakayeifasiri kwa maana ya Kiarabu tu naye atamnyima mapenzi yake. Hana budi kuziweka maana zote mbili mezani kabla ya kuchagua. Huenda mjane mwenyewe hakuchagua, kwani amkosaye mtu humtaka na kuumia kwa pamoja, na neno alilokuwa nalo lilimtosha kwa yote mawili.